CG 150 baada ya kufungwa ekzosi fupi: inapiga risasi, chini haina nguvu. Nianzie jeti ipi?

Dereva_Pongwe

Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri wa wanaoijua kabureta, maana gereji mbili zimenipa majibu mawili yanayopingana.

Pikipiki ni ya Kichina, injini ya mtindo wa CG, cc 150, ile ya fito za valvu. Kabureta ni PZ27. Imefungwa ekzosi fupi ya kopo badala ya ile ndefu ya kiwandani. Boksi la eya klina limetolewa, nyuma ya kabureta pamechomekwa chujio la koni. Jeti (vipande vya shaba vyenye tundu la kupima mafuta ndani ya kabureta) hazijaguswa: kubwa imeandikwa 100, ndogo 35. Klipu ya sindano (ile inayopanda na kushuka na resi ndani ya kabureta) iko mkato wa tatu, katikati.

Hali yake sasa: asubuhi haikai sailensi (kunguruma chini bila kushika resi) bila choki, hata hili joto la Tanga. Ikishapata moto sailensi inapanda yenyewe, na ukiachia resi inachelewa kushuka. Ukifunga resi ukiwa spidi 60, inapiga risasi kwenye ekzosi. Resi nusu, gia ya tatu, inavuta kidogo halafu inajikata kama imeishiwa mafuta. Kupanda Amani kutokea Muheza na abiria mmoja inataka gia ya pili mahali ambapo zamani ilipita na ya tatu. Plagi, D8EA, ni nyeupe kama chokaa. Bomba la mbele limeanza ubluu karibu na kichwa cha injini.

Fundi wa kwanza anasema jeti kubwa itobolewe. Wa pili anasema skrubu ya hewa ifunguliwe mizunguko mitatu, basi. Yupi yuko sahihi? Na hii ekzosi inaongeza nguvu kweli au ni mlio tu?

FundiMakorora

Ndugu yangu, dalili zote ulizotaja zinasema neno moja: injini ina njaa ya mafuta karibu kila mahali pa resi. Umefungua mlango wa kuingilia hewa na mlango wa kutokea moshi, lakini jeti zimebaki zilezile zilizopimwa kwa boksi na ekzosi ya kiwandani. Plagi nyeupe, kukata kwenye nusu resi, sailensi kukawia kushuka, hayo yote ni mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi mafuta machache.

Pamoja na hayo, usiguse jeti leo. Hewa inayovuja ina dalili hizohizo, na ukiongeza jeti juu ya uvujaji utapata injini iliyokauka chini na inayotoa moshi mweusi juu. Fuata mpango huu.

Anza kwenye kichwa, pale bomba linapoingia. Kuna ringi ya shaba ndani ya tundu. Ringi hiyo imetengenezwa ifinywe mara moja tu. Ukiishika mkononi, mpya ni ya mviringo pande zote na ukiiminya inabonyea kidogo. Iliyokwisha kutumika ina uso bapa unaong'aa, na ukiielekeza kwenye jua mara nyingi utaona uzi mweusi wa masizi unaokatiza ule ubapa kutoka ndani kwenda nje. Huo uzi ndio njia ya moshi. Wanaofunga ekzosi mpya wengi hurudisha ringi ya zamani, wengine huziweka mbili, na flenji (bamba la kufungia bomba kwenye kichwa) haikai sawa. Weka moja mpya, kaza nati mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku nusu kule, washa ipate moto, zima ipoe kabisa, kisha kaza tena.

Kupima: injini ikiwa bado baridi, washa, chukua tambara nene lililolowa maji, ziba mdomo wa ekzosi kwa sekunde mbili au tatu. Kama flenji ni nzima, injini inaelekea kuzima na huko mbele ni kimya. Kama inavuja utasikia "tss, tss" kwenye kichwa. Pima pia pale kopo linapoungana na bomba, maana ekzosi nyingi fupi hapo hubanwa kwa klempu bila gasketi yoyote.

Kwa nini nakazania hapo? Ukifunga resi ghafla injini inavuta mchanganyiko usioweza kuwaka vizuri, unatoka mbichi hadi kwenye bomba. Ukikuta hewa safi imeingia kwa kuvuja, na bomba lina moto, unalipukia humo. Ndiyo hiyo risasi unayoisikia. Halafu angalia kama pikipiki yako ina mpira mwembamba unaotoka upande wa eya klina, unapita kwenye kidude cheusi cha duara, unaingia karibu na tundu la ekzosi kwenye kichwa. Huo kazi yake ni kuingiza hewa kwenye moshi ili mabaki ya mafuta yaungue. Na ekzosi fupi mfumo huo peke yake unatosha kupiga risasi. Uzibe kwa muda uone. Kama risasi zimekwisha, usimlaumu kabureta.

Pili, upande wa kuingia. Kati ya kabureta na shingo yake kuna kipande cheusi cha plastiki ngumu chenye oringi. Mafundi hukaza zile nati mbili mpaka uso wa kabureta unapinda, katikati panabaki mwanya. Toa kabureta, lalisha uso wake juu ya kioo bapa. Ukicheza hata kidogo umepinda. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, sugua kwa mwendo wa nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa, osha kwa petroli, weka oringi mpya, kaza kiasi. Ukisharudisha, injini ikiwa sailensi, dondosha oili nyepesi kwenye maungio. Mlio ukibadilika, bado panavuta hewa. Usitumie petroli kupima hapo, bomba la moto liko jirani.

Tatu, tapeti, yaani mwanya wa valvu. Injini iwe baridi, ya kulala usiku. Fungua vifuniko viwili vya upande wa magneti, zungusha mpaka alama ya T ikae kwenye mstari, na roka zote mbili (mikono inayosukuma valvu) ziwe zinacheza. Kama hazichezi uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, ongeza mzunguko mmoja kamili. Fila geji (bati jembamba la kupimia mwanya) milimita 0.08, valvu ya kuingiza na ya kutoa. Valvu ya moshi iliyobanwa haikai chini vizuri, na kwa mchanganyiko mkavu kama wako itaungua mapema.

Nne, mafuta yenyewe. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa yenye alama za ujazo, fungua koki dakika moja. 150 hii ikiwa resi ya mwisho haifiki mililita 100 kwa dakika, kwa hiyo ukipata 150 na zaidi, koki na chujio havina tatizo. Zikianza nyingi kisha zikapungua, tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tenki limeziba.

Hayo manne yakishakaa sawa, ndipo tuongee jeti.

Mama_Spea_Ngamiani

Mwanangu, huyo aliyekwambia utoboe jeti usimsikilize. Jeti za mtindo wa Keihin (kampuni ya kabureta), kama hizo za PZ, namba ni kipenyo cha tundu kwa mia ya milimita. 100 maana yake milimita 1.00. Piga hesabu ya eneo la tundu: ukitoka 100 kwenda 105 tundu limeongezeka asilimia 10. Ukienda 110 limeongezeka asilimia 21. Sasa mtu anayezungusha sindano au waya mle ndani kwa mkono atajuaje amefika wapi? Na ukuta wa tundu ukiwa na mikwaruzo mafuta hayapiti kwa mkondo mmoja. Vilevile ukisafisha jeti tumia upepo wa kompresa, usichomeke waya wa chuma. Shaba ni laini.

Ukienda kununua, nenda na jeti ya zamani mkononi. Ulinganishe nyuzi, urefu na kichwa. Za kabureta za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita namba zake zinahesabu mtiririko, kwa hiyo 100 ya kule si 100 ya huku, na dukani zinawekwa kopo moja. Inua jeti mbele ya taa utazame tundu. Liwe duara safi. Jeti za bei ya chini kabisa nyingine zina kinyuzi cha shaba kimening'inia ndani, hiyo rudisha.

Usinunue moja. Chukua kubwa 105, 108 na 110, ndogo 38, gasketi ya bakuli la kabureta na ringi ya ekzosi. Ukirudisha boksi la eya klina na kubaki na ekzosi fupi, anza 105. Ukibaki na chujio la koni, anza 110, na huenda usiishie hapo.

Mimi ningekushauri boksi lirudi. Hapa kwetu upepo wa bahari unakuja na chumvi, na ukitoka lami kidogo tu ni mchanga mtupu. Koni la sponji moja linapitisha vumbi laini, na vumbi hilo linakwenda kusaga ringi za pistoni. Isitoshe mvua ya masika ikilowesha koni, injini inakosa pumzi.

Kange_150

Kuhusu skrubu, mbona rahisi. Fungua nje mafuta yanaongezeka, funga ndani yanapungua. Fungua mizunguko mitatu risasi zitakwisha.

FundiMakorora

Kaka Kange, hapo tusimpoteze mwenzetu. Inategemea skrubu iko wapi. Ikiwa upande wa eya klina, nyuma ya slaidi (kipande kinachoinuka ukifungua resi), hiyo inapima hewa: ukifungua nje unaongeza hewa, mchanganyiko unazidi kukauka. Ikiwa upande wa injini, mbele ya slaidi, hiyo inapima mafuta yaliyokwisha kuchanganywa: ukifungua nje unaongeza mafuta. Kabureta za PZ zimenakiliwa na viwanda vingi na mpangilio haufanani, kwa hiyo atazame yake kwa macho. Njia ya uhakika: injini ya moto, sailensi, funga skrubu taratibu mpaka iguse. Ikizama na kunuka petroli ni ya hewa. Ikikauka na kuzima kama imekatiwa mafuta ni ya mafuta.

Na skrubu hiyo mamlaka yake ni madogo. Inatawala kuanzia resi iliyofungwa hadi kama sehemu moja ya nane. Lile tatizo la kukata kwenye nusu resi haliwezi kutibika kwa skrubu, hata uizungushe kutwa.

Dereva, bandika utepe mweupe kwenye mshiko wa resi na mwingine kwenye nyumba ya swichi. Chora mstari mmoja ukiwa umefunga, mwingine ukiwa umefungua mwisho, kisha gawa robo, nusu, robo tatu. Ukiendesha utajua tatizo liko mstari upi. Kutoka kufungwa hadi moja ya nane ni jeti ndogo na skrubu. Moja ya nane hadi robo ni mkato wa chini wa slaidi, huo mara nyingi hatuugusi. Robo hadi robo tatu ni sindano. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Maeneo yanaingiliana kidogo, lakini ramani ni hiyo.

Anza juu ushuke chini. Jeti kubwa ndiyo inayopitisha mafuta kwenda kwenye sindano, ukiibadilisha mwishoni utalazimika kurudia sindano.

Jeti kubwa: funga koki, mwaga bakuli kwenye chupa, mbali na sigara na jiko. Fungua bakuli, shika bisibisi inayojaa mkato wa jeti, weka 105. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, mapema asubuhi, kofia ngumu kichwani. Gia ya juu, resi mwisho, ishike hapo. Kisha rudisha resi kidogo sana, upana wa mstari wa kalamu. Ikiongeza mwendo au ikipata uhai, jeti bado ndogo. Ikilegea bila chochote uko karibu. Ikiwa resi ya mwisho inaguguma na kutoa mlio mzito wa kububujika, jeti imezidi. Kipimo cha pili ni choki: resi mwisho, vuta choki kidogo sana. Ikipata nguvu, bado ina njaa.

Halafu plagi. Weka mpya, pengo milimita 0.6 hadi 0.7. Ipe resi ya mwisho umbali wa kutosha, kisha kwa pamoja bana klachi na uzime swichi, usiiache inguruma sailensi. Simama pembeni, ipoe kidogo, fungua. Usitazame ncha tu. Tazama kauri nyeupe kule chini kabisa inapozama kwenye chuma, tumia tochi na kioo cha kukuzia. Jeti ikiwa sawa utaona pete nyembamba ya moshi wa kahawia. Hakuna pete, kauri nyeupe hadi chini, ni kavu. Pete pana nyeusi ya masizi, imezidi. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha juu ya kauri, usiendeshe tena hata nyumba ya tatu. Hiyo ni alumini ya pistoni imeanza kuyeyuka.

Ubluu wa bomba peke yake usikutie hofu sana. Bomba jipya la ukuta mmoja hupata rangi ya dhahabu kisha bluu kwenye kona ya kwanza hata injini ikiwa nzima. Ukiona bluu inazidi kushuka kuelekea chini wiki hadi wiki, hapo joto limepita kiasi.

Mwana_Usambara

Naongeza la milima, kwa kuwa umetaja Amani.

Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, Lushoto kama 1,400. Lushoto hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa asilimia 13 hivi, na nguvu ya injini inashuka karibu na kiasi hichohicho, hata kama imewekwa sawasawa. Kabureta haijui kuwa hewa imepungua uzito. Inaendelea kumwaga, mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 7. Kwa hiyo pikipiki kavu kama yako itaonekana nzuri kidogo ikifika Lushoto, na iliyowekwa nzito Chumbageni itafika Soni inakohoa moshi mweusi. Ukiiweka Tanga mjini, iweke sawa, usiongeze jeti "ya akiba". Mwenye kazi ya kudumu Lushoto ashushe jeti kubwa saizi moja au mbili.

Swali lako la nguvu. Ekzosi siyo mlio tu, lakini siyo muujiza. Valvu ya moshi ikifunguka, mgandamizo unakimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti. Ukifika mahali bomba linapopanuka, unarudi nyuma ukiwa mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye kichwa wakati valvu zote mbili zimefunguka kidogo, unasaidia kufyonza moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya. Urefu wa bomba ndio unaoamua mvuto ufike kwa mzunguko upi wa injini. Bomba fupi faida yake inahamia kwenye mizunguko ya juu, pale dereva wa bodaboda hafiki mara kwa mara. Chini, kwenye 3,000 hadi 5,000 ambako ndiko unakobebea abiria, unapoteza. Bomba likiwa pana kupita kiasi ndivyo hivyohivyo, moshi unapoa na kupunguza kasi.

Ndiyo maana hata ukipanga jeti vizuri kabisa, ule mlima utaendelea kuidai gia ya pili. Hapo kinachosaidia ni sproketi. Ukitoa ya nyuma yenye meno 41 ukaweka 43, nguvu inayofika kwenye gurudumu inaongezeka karibu asilimia 5 katika kila gia na kila mzunguko. Unachotoa ni injini kuzunguka zaidi kwa asilimia hiyohiyo kwa spidi ileile. Hesabu pingili za cheni kabla, unaweza kuhitaji ndefu kidogo.

Dereva_Pongwe

Nawashukuru sana wakuu, na wewe mama yangu. Ringi ya ekzosi ilikuwa na huo uzi mweusi hasa, sehemu mbili. Tapeti ya moshi ilikuwa haipitishi hata 0.05. Ule mpira wa hewa kwenye kichwa haupo. Boksi limerudi, jeti kubwa 105, plagi ina ile pete ya kahawia kwenye resi ya mwisho. Risasi zimebaki chache. Skrubu yangu iko upande wa eya klina.

Kilichobaki: kati ya mstari wa robo na nusu bado inasitasita ukifungua resi haraka, na asubuhi bado inataka choki ndefu. Skrubu inafanya vizuri zaidi ikiwa imefunguliwa nusu mzunguko tu. Nipandishe jeti kubwa hadi 108?

FundiMakorora

Hapana, jeti kubwa iache ilipo, plagi imekwisha kukujibu. Robo hadi nusu ni sindano.

Fungua kifuniko cha juu cha kabureta, vuta slaidi. Sukuma springi juu, toa waya wa resi, sindano itatoka na klipu yake. Mikato mitano. Ukihamisha klipu kushuka mkato mmoja, sindano yenyewe inapanda, na kwa kuwa ncha yake ni nyembamba, tundu linaachia mafuta zaidi. Wengi wanakosea hapa: klipu chini ni mafuta mengi, klipu juu ni mafuta machache. Peleka mkato wa nne kutoka juu. Ukiirudisha hakikisha ule mfereji wa pembeni wa slaidi umekaa kwenye kipini chake ndani ya kabureta. Ukikaa kombo, slaidi haishuki na pikipiki itawaka na resi ya juu.

Ikiwa mkato wa nne umeifanya iwe nzito, inavuta kivivu kwenye nusu resi, rudi wa tatu ukaweke kishikizo chembamba cha bati chini ya klipu, unene wa nusu milimita. Hiyo ni nusu ya mkato.

Jeti ndogo: skrubu ya hewa ikipenda chini ya mzunguko mmoja, ina maana inazuia hewa ili kufidia mafuta yaliyopungua. Weka 38. Kisha injini ikiwa ya moto kabisa, funga skrubu taratibu hadi iguse, usikaze, ncha yake inavunjika kwenye tundu. Fungua mzunguko mmoja na nusu. Sailensi iweke kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Zungusha skrubu robo robo ndani na nje, utafute mahali sailensi inapanda juu kuliko kote. Ikipanda, ishushe kwa skrubu ya slaidi, rudia tena mpaka isipande zaidi. Ukiishia kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu, 38 ni yenyewe. Ukihitaji kupita mitatu, 38 imezidi, rudi 35.

Usifanye sindano na jeti ndogo siku moja. Badilisha moja, endesha, andika, kisha nyingine.

Mama_Spea_Ngamiani

Mwanangu kabla hujafunga bakuli, angalia floti (kielea kinachopima kina cha mafuta kwenye bakuli). Chomeka mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia, ukunje upande juu kando ya bakuli, legeza skrubu ya kumwagia, koki wazi, pikipiki imesimama wima. Mafuta yatulie chini kidogo ya mstari wa gasketi. Yakiwa chini sana, utahangaika na jeti bure, kabureta nzima itakuwa kavu. Yakipita mstari na kumwagika kwenye mpira wa ziada, sindano ya floti imekula, au kuna kipunje cha uchafu kwenye kiti chake.

Na iyo ekzosi, ndani ya kopo kuna bomba lenye matundu limezungushiwa sufi. Sufi ikiungua mlio unapasuka na kopo linapata moto. Unafungua vile virivi vya nyuma unaweka nyingine ya kioo inayostahimili joto, ishindiliwe kiasi. Ikiwa ina kizibo cha kupunguza mlio mdomoni, kiache kimefungwa. Kitakusaidia kwa trafiki, na masikio yako pia, kwani sauti ya desibeli 85 mwisho wake salama ni saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda unapungua nusu. Dereva wa bodaboda anashinda juu ya pikipiki zaidi ya hizo. Ukiweka kizibo au kukitoa, rudia kipimo cha jeti kubwa, maana kinabadilisha upumuaji wa juu.

Mwana_Usambara

Moja la mwisho kwa wa Pwani. Lile tundu dogo chini ya kopo, kama la msumari, si kasoro. Linatoa maji yanayotokana na moshi. Wengine hulichomelea wakidhani linavuja, na kopo linaoza kwa ndani ndani ya muda mfupi, hasa ukichanganya na chumvi ya Raskazone. Ukitoka ufukweni lioshe kwa maji baridi likiwa limeshapoa. Na ukihitaji kuchomelea ufa wowote, toa ekzosi kwenye pikipiki kwanza. Ukichomelea ikiwa imefungwa, umeme wa welding unapita kwenye bodi na unaweza kuua CDI (kifaa cha kuwasha plagi) na rektifaya (kifaa cha kuchaji betri) kwa pamoja.

Dereva_Pongwe

Nimewaelewa. Naanza na floti, kisha sindano mkato wa nne kesho asubuhi, jeti ndogo 38 Jumamosi. Sproketi ya 43 nimeshaiulizia, cheni inabidi iongezwe pingili mbili.